Panda Mndimu Karibu na Jiko

Familia nyingi za kando ya Ziwa Victoria hula ugali kwa dagaa, maharage, mchicha au matembele. Maharage na mboga za majani zina madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Lakini chuma kitokacho kwenye mimea huingia mwilini kwa shida, na sehemu kubwa hupotea bure. Vitamini C iliyomo katika ndimu husaidia mwili kukipokea. Kwa hiyo mndimu mmoja nyumbani ni msaada mkubwa, hasa kwa mama mjamzito na watoto wadogo, ambao hupungukiwa damu upesi.

Namna ya kuitumia

Kamulia ndimu chakula kikisha kupakuliwa, kwani moto huharibu vitamini C. Chai isinywewe pamoja na mlo, maana huzuia chuma. Subiri kama saa moja.

Tusidanganyane: ndimu haitibu malaria, safura wala kichocho, magonjwa yanayomaliza damu. Haichukui nafasi ya vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki. Wala haisafishi maji ya ziwa. Maji ya kunywa yachemshwe.

Kama huna shamba

Miti ya jamii hii hustawi kwetu. Ukerewe inajulikana kwa machungwa yake. Wanaoishi juu ya mawe, kama Mabatini au Igogo, wanaweza kupanda mndimu kwenye chombo. Ndoo kuukuu ya lita 20 inatosha mwanzoni. Mti ukikua, uhamishie kwenye nusu ya pipa la lita 200. Usitumie kamwe chombo kilichowahi kutiwa dawa ya pamba au sumu nyingine.

1. Toboa matundu chini ya chombo, kisha kiinue juu ya mawe ili maji yapite. Mndimu hufa mizizi ikikaa ndani ya maji.

2. Changanya udongo mzuri na samadi iliyooza vizuri. Udongo mweusi wa mbugani usiutumie peke yake, kwa sababu hutuamisha maji.

3. Tafuta mche uliobebeshwa. Mara nyingi huzaa mwaka wa 2 au wa 3. Mche wa mbegu huweza kukawia miaka 4 hadi 6. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo yaondoe.

4. Weka mahali penye jua, mbali na njia ya watoto, kwani mndimu una miiba.

5. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole. Udongo ukiwa mkavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Kiangazi cha Juni hadi Septemba huhitaji uangalizi zaidi. Usiache maji yasimame chini ya chombo, maana mbu watazaliana humo.

6. Viwavi wanaofanana na kinyesi cha ndege waokote kwa mkono. Vidukari chini ya majani waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo.

Ukisha kukamua ndimu, nawa mikono kabla ya kutoka juani, kwa sababu maji yake huweza kuunguza ngozi.

Mvua za vuli zikianza, tafuta mche wako. Na yule mtoto aliyepauka viganja na kuchoka ovyo asingoje ndimu ziive: mpeleke zahanati leo apimwe damu.