Beji ya Ubao: Mgeni na Mwenyeji katika Mji wa Scotia

Aghalabu beji ya mgeni huwa kijikaratasi au plastiki ambayo hurejeshwa langoni mgeni anapoondoka. Katika mji mdogo wa Scotia, kaskazini mwa jimbo la California nchini Marekani, mambo yalikuwa vingine. Kwa miaka mingi ya karne ya 20, aliyefika kuzuru kiwanda cha kupasulia mbao cha Pacific Lumber Company alipewa kibali kilichopigwa chapa juu ya kipande chembamba cha ubao mwekundu, akaenda nacho kwao. Ubao huo ulitokana na msekwoya, mti mrefu kuliko yote duniani. Baadhi ya misekwoya hupita mita 110 kwa urefu na miaka 1,000 kwa umri, na mbao zake haziozi upesi wala hazishambuliwi kwa urahisi na mchwa.

Kibali kilichukuliwa katika jumba la makumbusho, ambalo lilijengwa mwaka wa 1920 likiwa benki. Jengo lenyewe lafanana na hekalu la Kiyunani, ila nguzo zake ni magogo ya misekwoya yaliyoachwa na magome yake! Kutoka hapo mgeni alijiendea mwenyewe bila kiongozi. Alipanda ujia ulioinuliwa juu ya mitambo, akaona gogo likichunwa gome kwa maji yanayorushwa kwa nguvu nyingi, kisha likipitishwa kwenye msumeno wa mkanda hadi likawa mbao. Beji ilimruhusu kuona kila hatua ya kazi hiyo. Haikumweleza habari za waliokuwa wakiifanya.

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka wa 1863. Makazi ya wafanyakazi yaliitwa Forestville hadi mwaka wa 1888, yalipopewa jina la Scotia, kutokana na Nova Scotia ya Kanada. Nyumba, maduka na hata ukumbi wa maonyesho vilikuwa mali ya kampuni. Kodi ilikuwa nafuu, na wengi waliyasifu maisha ya pale. Hata hivyo, Kiswahili hutenganisha maneno mawili ambayo Scotia iliyachanganya: mwenyeji na mpangaji. Mpasuaji mbao alilala katika nyumba iliyojengwa kwa mbao za msekwoya, pengine alizozipasua babu yake, lakini nyumba haikuwa yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa walioshika jembe kwa vizazi kadhaa ndio waliobaki wageni, na mpita njia wa saa moja ndiye aliyeondoka na ubao ulio mali yake.

Udhaifu wa hali hiyo ulidhihirika baada ya kampuni ya Maxxam ya Texas kuinunua Pacific Lumber mnamo 1985 na 1986 kwa fedha nyingi za mkopo. Tangu miaka ya 1930 ukataji ulikuwa wa kuchagua, miti mingine ikiachwa isimame. Sasa deni lilidai kulipwa, na ukataji ukaongezwa kwa kiasi kikubwa. Hazina ya malipo ya uzeeni nayo iliguswa: ziada yake ilichukuliwa, na dhamana ya malipo ikakabidhiwa kampuni ya bima ambayo ilianguka mwaka wa 1991. Watetezi wa misitu waliandamana. Mmoja wao, Julia Butterfly Hill, aliishi juu ya msekwoya mmoja kuanzia Desemba 1997 hadi Desemba 1999. Katika mwaka huo wa 1999 serikali ililinunua eneo la msitu wa Headwaters ili lihifadhiwe. Wafanyakazi wengi waliwaona watetezi hao kuwa adui wa riziki zao, wala si ajabu, kwani aliyepoteza kazi Scotia alikuwa katika hatari ya kupoteza na paa.

Mnamo Januari 2007 Pacific Lumber iliomba kinga ya mahakama kwa kushindwa kulipa madeni. Mwaka uliofuata mahakama ilikitenga kiwanda na mji: kiwanda na misitu vikaenda kwa mmiliki mmoja, nyumba zikaenda kwa wadai. Katika miaka ya 2010, baada ya mashamba na mipaka kupimwa upya, nyumba zilianza kuuzwa mojamoja, na baadhi ya waliokuwa wamezipanga wakazinunua.