Gari Kuukuu la Misuli: Ukishalinunua, Anzia Wapi?

Anunuaye gari jipya hununua kazi ya kiwanda. Anunuaye gari kuukuu lililobadilishwabadilishwa hununua kazi ya kiwanda na juu yake kazi ya kila mkono uliolishika baadaye: mikono ya mafundi hodari, na mikono ya watu waliokuwa wakijifundishia ufundi juu ya mali yao wenyewe. Hapo ndipo taabu yake ilipo, na utamu wake vilevile.

Magari tuyasemayo leo ni yale ya Kimarekani ambayo wenyewe huyaita magari ya misuli. Mwaka 1964 Pontiac ilitoa GTO, gari la umbo la wastani lililopachikwa injini ya silinda nane iliyokusudiwa magari makubwa. Tarehe 17 Aprili mwaka huohuo Ford ikaonyesha Mustang mjini New York, kisha zikafuata Charger, Camaro na wenzao. Enzi yenyewe haikudumu. Bima zilipanda, sheria za moshi zikakaza, na mwaka 1973 mafuta yakaadimika.

Hapa Mombasa ni nadra kuyaona, maana usukani wake uko kushoto, na Kenya kwa kawaida haipokei gari la namna hiyo wala lililopita umri wa miaka 8. Lakini jamaa zetu wengi wako Muscat, Dubai na kwingineko Ghuba, ambako usukani wa kushoto ndio wa kawaida na magari haya yana wapenzi wake. Wengine wako Marekani kwenyewe. Kijana hujinyima miaka mitatu minne, akapata Mustang yake nyekundu, akaja nayo nyumbani jioni kwa mngurumo wa kuamsha mtaa. Asubuhi haiwaki. Au inawaka na haisimami.

Basi ndugu yetu huyo asikimbilie kununua vipuri. Kwanza ajue amenunua nini.

Tuchukue hiyo Mustang ya 1965 au 1966. Hesabu nati za gurudumu. Zilizotoka kiwandani na injini ya silinda sita zilikuwa na nati nne. Za silinda nane zilikuwa na tano. Kisha soma namba ya gari: herufi ya tano ndiyo ya injini, na ikiwa ni T, basi gari lilizaliwa na silinda sita. Ukikuta nati nne na chini ya boneti kumelala injini ya silinda nane, umeshajua mengi kabla ya kushika spana. Mtu aliongeza nguvu, na huenda aliziacha breki, springi na rejeta za injini ndogo. Waama, kuuziwa gari namna hii bila kuambiwa ni kuuziwa mbuzi ndani ya gunia. Mpigie simu aliyekuuzia na umuulize hasa juu ya kamshafti: ni ya aina gani, na karatasi yake iko wapi? Wengi huitunza.

Kamshafti ndiyo huwatoa watu jasho. Tazama injini ya Ford ya 302. Kitabu cha zamani husema silinda huwaka kwa mpango wa 1-5-4-2-6-3-7-8. Lakini zile za nguvu zaidi zilizotoka miaka ya 1980 huwaka kwa mpango wa 1-3-7-2-6-5-4-8, kama dada yake mkubwa ya 351. Mwenye gari wa zamani hutia kamshafti ya hiyo mpya ndani ya ile kuukuu, akaliuza gari akaenda zake. Mnunuzi hubadilisha waya za plagi, akazipanga kama kitabu kinavyosema, na injini ikaanza kukohoa na kutema moto kupitia kabureta. Hubadilisha distributa, hubadilisha kabureta, pesa zinakwisha. Kumbe tofauti ni waya nne tu: ya 3 na ya 5 zibadilishane nafasi, na ya 4 na ya 7 vivyo hivyo. Kitabu hakikusema uongo. Kilikuwa kikisema juu ya gari jingine.

Kabla ya nguvu, breki. Magari mengi ya kabla ya 1967 yalikuwa na masta silinda ya njia moja tu. Paipu moja ikipasuka, magurudumu yote manne hayana breki. Hii ibadilishwe iwe ya njia mbili, na sioni cha kujadiliana hapo. Mwingine ameng'oa ngoma za mbele akaweka diski, jambo jema, lakini akaiacha masta silinda ya ngoma. Ndani yake huwa mna kivalvu kinachobakiza shinikizo kwenye paipu. Ngoma hulihitaji, diski hulichukia. Dalili yake ni hii: baada ya mwendo mfupi tu magurudumu ya mbele yanatoa moto na harufu ya kuungua, na gari ukiliachia mteremkoni haliteremki.

Lipo na tatizo la pedali kuwa ngumu kama gogo, na hapa tunarudi kwenye kamshafti. Buusta ya breki, lile pipa linalousaidia mguu, hutumia mvuto wa hewa wa injini. Injini nzima ya kawaida, gari likiwa limesimama na mafuta hayakukanyagwa, huvuta kama inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye geji. Kamshafti ya mashindano inaweza kuushusha mvuto huo hadi 10 au chini yake. Ule mtikisiko wa dugu-dugu-dugu unaowafurahisha vijana barabarani ndio huohuo unaoinyima buusta chakula. Wako wanaotia tangi la akiba au pampu ya umeme ili wauongeze mvuto. Mimi gari la kwenda sokoni na kuchukulia watoto chuoni ningelirudishia kamshafti ya upole, na majirani wasikie watakachosikia.

Geji hiyo ya mvuto, ambayo si ghali, hufichua na jambo jingine. Kabureta nyingi za Holley zina valvu ndogo ya kuongeza petroli injini inapolemewa, nayo ina namba. Namba 65 maana yake hufunguka mvuto ukishuka chini ya inchi 6.5. Ikiwa injini yako iliyosimama haivuti hata hiyo, valvu imekaa wazi saa zote. Plagi zinakuwa nyeusi, macho yanawasha kwa harufu ya petroli, na fundi anashinda siku tatu akikaza skrubu zisizo na hatia. Mafundi wengi huchagua valvu yenye namba iliyo nusu ya mvuto wa injini. Lakini hakikisha kwanza hakuna hewa inayopenya kwenye gaskiti au mpira uliopasuka. Shika kipande cha paipu ya mpira, ncha moja uitie sikioni, nyingine uipitishe polepole kandokando ya kabureta bila kuifikisha kwenye mikanda na feni. Panapopenya utasikia filimbi.

Kuchemsha nako, hasa katika joto la Ghuba, kuna lugha yake. Linalochemka likisimama kwenye taa na kupoa likienda, shaka iwe kwenye feni na kava yake, ambayo wengi huitupa wanapotia injini kubwa. Linalochemka likienda mbio, tazama rejeta na mpira wa chini, ambao ukilegea hujifunga wenyewe kwa kuvutwa na pampu ya maji.

Waya ni hadithi ndefu. Ukikuta fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya sigara, au waya tatu za rangi moja zilizofungwa kwa utepe, usitafute kosa moja. Anza na waya za ardhi, kutoka betri hadi injini na kutoka injini hadi bodi. Taa zinazofifia ukiwasha honi mara nyingi zinalia juu ya hizo.

Paipu za mpira za petroli zibadilishwe wiki ya kwanza, hata zikionekana nzima. Petroli inayouzwa Marekani aghalabu ina ethanoli kiasi cha asilimia 10, nayo huulainisha mpira wa zamani ukapasuka kwa ndani, na paipu hizo hupita karibu na ekzosi yenye moto. Na chupa ya kuzimia moto ifungwe chini ya kiti cha mbele, mkono unapofika, isiwekwe kwenye buti.