Rekodi za maradhi kuzunguka Mlima Kenya

Ugonjwa wa mwisho kutokomezwa duniani ulionekana mara ya mwisho karibu na mlima wetu huu. Ni sotoka. Katika miaka ya 1890 ilifagia ng'ombe wa Wamaasai na wa Wakikuyu. Mwaka 2001 ikathibitishwa kwa nyati wa Mbuga ya Kitaifa ya Meru, na tangu hapo haijaonekana tena popote. Mwaka 2011 ikatangazwa kutokomezwa, ya pili baada ya ndui. Kutokomeza maana yake ni hiyo: virusi havizunguki tena katika nchi yoyote. Ukiumaliza ugonjwa kwako huku jirani bado anao, chanjo lazima iendelee. Sotoka ilishindika kwa sababu mnyama aliyepona alipata kinga ya maisha na hakubaki akiisambaza, na chanjo ya Walter Plowright na wenzake, iliyotengenezwa Muguga, ilitoa kinga kama hiyo. Watu wa Meru wana haki ya kujivunia rekodi hii, na sijui kwa nini haitajwi zaidi shuleni.

Kati ya majanga makuu ni homa ya mafua ya 1918. Iliingia kupitia Mombasa, na inakadiriwa iliua watu wapatao 150,000 nchini. Hilo ni janga kweli, kwa kuwa lilikuwa bara hili na bara lile kwa wakati mmoja. Kipindupindu cha mtaa mmoja ni mkurupuko.

Malaria ya juu zaidi? Zamani mgonjwa wa Nyeri aliulizwa kwanza: ulienda Mwea lini? Kule kwenye mashamba ya mpunga malaria ni mwenyeji, haiondoki mwaka hadi mwaka; huku juu ilihesabiwa mgeni aliyeletwa na msafiri. Lakini mwaka 2006 watafiti waliripoti viluwiluwi vya mbu aina ya *Anopheles arabiensis* Naro Moru, kati ya mita 1,720 na 1,921 juu ya usawa wa bahari. Mtu anaweza kuambukizwa bila kuvuka daraja la Sagana kwenda Mwea.

Ugonjwa unaoambukiza kuliko yote ni surua. Pasipo kinga, mgonjwa mmoja huambukiza watu 12 hadi 18. Ndiyo maana kinga ya jamii hutaka watoto 95 kati ya 100 wawe wamechanjwa. Mama aliye kliniki Karatina, afungue kijitabu cha mtoto atazame: dozi ya kwanza ni miezi 9, ya pili miezi 18. Hiyo ya pili ndiyo inayosahauliwa.