Kubadili Bodaboda kwa Mkopo: Hesabu Mbili Kabla ya Kusaini

Dereva wa bodaboda ambaye pikipiki yake imeshalipiwa yote ana neema ambayo wenzake wengi kijiweni bado wanaitafuta. Anachobaki nacho baada ya mafuta ni chake. Hapeleki hesabu kwa bosi jioni, hamalizii mkataba wa mtu. Sasa pikipiki hiyo imeanza kuchoka, wiki hii ringi, wiki ijayo klachi, na duka linamwambia alete ya zamani, tofauti aichukue kwa mkopo, aondoke na mpya leo leo. Wakati mwingine mpango huu unamwinua. Wakati mwingine unamrudisha kwenye kupeleka hesabu, safari hii kwa kampuni ya mkopo. Kuna njia ya kujua mapema, nayo inahitaji daftari, kalamu na jioni moja ya utulivu.

Tuchukue mfano wenye tarakimu za kukadiria. Msomaji atazibadilisha kwa bei za mjini kwake. Pikipiki mpya ya cc 150 iwe shilingi milioni 3. Duka linaikubali ya zamani kwa milioni 1. Zinabaki milioni 2, za kulipwa kwa miezi 18 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi.

Asilimia 3 inasikika ndogo, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. La kuuliza kwanza ni: asilimia 3 ya kiasi gani? Ikiwa riba inapigwa juu ya deni lililobaki, kila mwezi inapungua. Rejesho linakuwa kama shilingi 145,000, na hadi mwisho riba yote inafika takriban 617,000. Lakini mikopo mingi ya pikipiki hupigiwa riba juu ya mkopo wote tangu siku ya kwanza. Kwa mtindo huo riba ni 60,000 kila mwezi bila kushuka, jumla 1,080,000. Rejesho ni karibu 171,000, na milioni 2 ulizokopa zinakuwa 3,080,000. Mwezi wa mwisho utakuwa unadaiwa 111,000 tu za mtaji, ila riba yake ni ile ile 60,000. Kiwango ni kimoja, tofauti ni zaidi ya shilingi 460,000. Kwa hiyo usiridhike kutajiwa asilimia. Omba jumla ya fedha zote zitakazotoka mfukoni mwako hadi siku ya kukabidhiwa kadi ya pikipiki, pamoja na ada za fomu, bima na kifaa cha kufuatilia pikipiki.

Kuhusu ile ya zamani, duka likiipokea linaipokea ili liiuze tena, kwa hiyo lazima likupunje kidogo ndipo lipate faida. Tuseme mnunuzi wa mtaani angekupa 1,200,000. Hizo laki mbili za ziada zingepunguza mkopo, na riba ya 108,000 isingekuwepo. Kumbe kuuza mwenyewe kunaokoa 308,000. Anayeuza mwenyewe asikabidhi funguo kabla umiliki haujahamishwa TRA. Kadi ikibaki na jina lako, faini za barabarani na maswali ya polisi ajali ikitokea vitaanzia kwako.

Sasa tuingie kwenye hesabu ya kwanza: je, mabadiliko haya yanalipa?

Weka njia mbili bega kwa bega kwa miezi 18, ukiacha oili na matengenezo ya kawaida ambayo kila pikipiki inayataka. Njia ya mkopo inakugharimu 3,080,000, na mwisho wake unabaki na pikipiki ambayo, baada ya kazi ngumu, tuseme inauzika kwa 1,600,000. Gharama halisi ni 1,480,000. Njia ya kuikarabati ya zamani inataka 350,000 sasa hivi kwa pistoni, ringi, cheni, sproketi na tairi, kisha spea za ziada za 40,000 kila mwezi. Jumla ni 1,070,000. Mwisho wake pikipiki imechakaa zaidi, inauzika kwa 600,000. Gharama halisi ni 470,000.

Tofauti ni 1,010,000, yaani kama 56,000 kwa mwezi. Huo ndio mzigo ambao pikipiki mpya inapaswa kuubeba kwa kukuingizia zaidi ya ile ya zamani. Nauli haipandi kwa sababu rangi inang'aa. Abiria wa Mbagala anayekwenda stendi atalipa kile kile. Faida ya mpya hutoka sehemu mbili: kunywa mafuta kidogo, na zaidi ya yote, siku ambazo hutalala kwa fundi. Kama siku ya kazi inakuachia 15,000 baada ya mafuta, 56,000 ni karibu siku nne. Basi ikiwa pikipiki yako, hata baada ya matengenezo ya kweli, itaendelea kukulaza siku nne au zaidi kila mwezi, kubadilisha kunalipa. Ikiwa inakulaza siku moja au mbili, unanunua raha ya macho kwa fedha ya familia.

Ndiyo maana inafaa kuandika kila siku ambayo pikipiki imekulaza. Kumbukumbu ya mtu aliyeudhika huongeza siku mbovu, na ya mtu anayeipenda pikipiki yake huzificha. Mwite pia fundi mwaminifu asiyelipwa na duka, afungue injini. Moshi wa bluu unaoendelea hata injini ikishapata moto unaonyesha kwamba oili inaungua ndani. Mara nyingi ni ringi au sili za valvu, na hayo hutengenezeka. Fremu iliyopinda au kupata ufa baada ya ajali ni jambo lingine. Hiyo inagusa roho yako na ya abiria, na hakuna hesabu ya shilingi inayopaswa kukushawishi uendelee nayo.

Hesabu ya pili ni hii: mkopo wenyewe unabebeka? Jambo linaweza kulipa kwa miezi 18 na bado likakuangusha mwezi wa tatu. Rejesho la 171,000, ukigawa kwa siku 26 za kazi, ni kama 6,600 kwa siku. Siku ya 15,000 inakuachia 8,400, na nyumbani mnakula. Lakini masika ya Machi hadi Mei yanakuja, abiria wanapanda daladala, na siku inaleta 7,000. Baada ya rejesho zinabaki 400. EWURA nayo hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi. Petroli ikipanda, chako kinapungua, ilhali rejesho halisogei. Malaria ya wiki moja haikusamehei rejesho. Kwa hiyo pima mkopo kwa siku yako mbaya. Bila bima kubwa, pikipiki ikiibwa, deni linabaki, na wewe unatembea kwa miguu.

Hesabu zote mbili zikikubali, chagua kwa makini pa kukopa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili wasiopokea amana. Omba kuona leseni. Mkopeshaji wa kausha damu, ile mikopo inayomkamua mkopaji, hukasirika swali hili likiulizwa. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Madereva wa kijiwe kimoja waliojisajili kama kikundi wanaweza kuomba. Inachukua muda na vikao, lakini kwenye mfano wetu riba ni zaidi ya milioni moja, fedha ambayo kwa familia nyingi ni ada na kodi ya nyumba.

Kabla ya kusaini, jaribu deni bila kukopa. Kwa miezi miwili weka kando 6,600 kila siku ya kazi, hata siku ambayo pikipiki iko kwa fundi na hata mvua ikinyesha. Ukishindwa, umejua ukweli wako bila kupoteza kadi. Ukifaulu, utakuwa na kama 343,000 mkononi. Zinakaribia kutosha kuikarabati ya zamani, au zinaingia kama malipo ya awali na kupunguza mkopo. Vyovyote utakavyoamua, utaamua ukiwa na fedha zako, na duka litalazimika kukusikiliza.