Vidonda Visivyoonekana

Mutu akivunjika muguu, wote wanaona, nao wanamupeleka kwa munganga. Lakini kuna vidonda vingine ambavyo macho hayavioni, ndivyo vidonda vya moyo na akili. Mutu aliyepita katika vita, au aliyefukuzwa kwake, au aliyeona wenzake wakifunikwa na udongo ndani ya shimo la madini, anaweza kupona mwili na kubaki mugonjwa ndani.

Sisi wa Katanga tunajua mambo haya. Wazee wanakumbuka mapigano ya 1960 mpaka 1963. Wengine wanakumbuka 1992 na 1993, wakati jamaa nyingi za Kasai zilipofukuzwa, zikalala kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi zikingoja kuondoka.

ALAMA ZA UGONJWA HUU

1. Anaota ndoto za hofu, au mambo ya zamani yanamurudilia muchana kana kwamba yanatendeka sasa.
2. Anashituka kwa sauti ndogo, na usingizi hauji.
3. Anaepuka njia, watu na maneno yanayomukumbusha.
4. Anasahau upesi, wala hawezi kufuata kazi moja mpaka mwisho.
5. Hafurahii kitu, tena anajilaumu mwenyewe.

Siku za kwanza nyuma ya msiba, watu wengi wanaona alama hizi, nazo zinapunguka polepole. Lakini zikidumu zaidi ya mwezi 1 na kumuzuia mutu kazi yake, ni ugonjwa. Si uvivu, wala si upungufu wa imani.

Kwa nini anasahau? Akili yake ni kama mulinzi wa usiku aliyevamiwa na mwizi mara moja. Tangu siku ile, jani likitikisika anapiga kelele. Nyumba yenye mulinzi wa namna hii hailali, na asiyelala hawezi kushika mambo vema.

JE, UNAPONYEKA?

Ndiyo. Katika 2010 watafiti waliuliza watu wazima 998 wa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri. Karibu nusu yao walikuwa na alama za ugonjwa huu wa hofu. Basi mugonjwa hayuko peke yake.

Utafiti mwingine ulitangazwa katika 2013. Ulifanywa katika vijiji 15 vya Kivu ya Kusini, kwa wanawake 405 waliotendewa jeuri na wanaume. Katika vijiji vingine, mwanamuke alisaidiwa yeye peke yake. Katika vijiji 7 kila mumoja alisaidiwa mara 1 peke yake, kisha walikutana kwa kundi mara 11, wakafundishwa kupima mawazo yao, kama lile linalosema, «Ni kosa langu.» Waliowafundisha hawakuwa waganga, bali wanawake wa Kongo waliosoma miaka michache nyuma ya shule ya musingi. Miezi 6 baada ya mafundisho, katika wanawake 100 wa makundi, 9 tu walikuwa bado na huzuni kubwa au wasiwasi. Katika 100 wa vijiji vingine, walikuwa 42.

MAMBO YA KUFANYA

Umusikilize mugonjwa pasipo kumulazimisha kusema. Usimwambie, «Sahau tu.»

Usimufunge kwa kamba wala minyororo, wala usimunyime chakula ili pepo atoke. Muombee, lakini umupeleke kwa munganga pia. Maombi na dawa havishindani.

Umuzuie asinywe lutuku. Inaleta usingizi wa saa chache, halafu inaongeza hofu na kuharibu akili.

Usidhani kila kusahau kunatoka kwa huzuni. Malaria, kaswende, UKIMWI na uzee vinaweza kuharibu akili vilevile. Mutu akichanganyikiwa kwa gafula, na zaidi akiwa na homa, akimbizwe hospitali siku ileile.

Akisema anataka kufa, usimuache peke yake hata saa moja. Umupeleke hospitali. Hapa Lubumbashi kituo cha Dr Joseph Guislain kinatunza wagonjwa wa akili.

Na wewe usomaye, kama alama hizi ni zako mwenyewe, usione haya. Mwenye kidonda cha muguu haoni haya kukionyesha. Chagua mutu mumoja unayemutumaini, umwambie leo, kisha mwende pamoja kwa munganga.