Je, Wajua? Opali ya Kubandikwa

Opali nyeusi ya Lightning Ridge, Australia, ni ghali mno. Basi mafundi hubandika kipande chembamba cha opali halisi juu ya jiwe jeusi: hiyo ni dableti. Ikivikwa kifuniko cha kioo au kwatsi angavu, huwa tripleti.

Itazame ubavuni.

Mpaka ulionyooka kabisa kati ya rangi na weusi ni dalili ya gundi. Lenzi ya sonara huweza kuonyesha hata viputo vya hewa. Opali ya mwamba ya Queensland nayo ina mgongo wa jiwe, lakini ni wa asili, na mpaka wake hupindapinda. Pete iliyozibwa dhahabu kando zote huficha ushahidi huo (wauzaji wajanja wanalijua hilo!).

Tripleti isilowekwe: maji yakipenya kwenye gundi, jiwe hufifia kwa ukungu wa kijivu.