Mpenzi, Zamu Yangu Lini?

Miezi mitatu mke wangu alilala peke yake, mimi sebuleni na harufu ya lehemu. Asikwambie mtu: hobi ikizidi, ndoa inapata mpangaji wa tatu! Nilikuwa naunda amplifaya ya hedifoni kwa valvu moja, ECC82, kioo kidogo chenye triodi mbili, moja kwa kila sikio.

Usiku mmoja nikazima umeme, nikagusa kapasita. Loo! Chaji bado imo. Nikajikuta sakafuni. Akatoka mbio, analia: “Baba Junior, unataka kuniacha mjane kwa ajili ya muziki?” Sikuwa na jibu. Siku hizi sishiki kitu kabla ya kupima kwa mita.

Ilipokamilika, nilimvisha yeye kwanza. Gitaa la Mbaraka Mwinshehe, laini mno. Akafumba macho, nikasubiri nusu saa. Sasa naongeza tundu la pili.